MSAADA UNAOMFUATA MGONJWA: Historia ya Wahudumu wa Dharura na Mafunzo Tunayoyapata



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapendwa na wazazi wetu watukufu, wengi wenu mnakumbuka tukio la mwaka jana. Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri, darasa la wadogo lilikuwa limeruhusiwa, na mwanafunzi wetu mmoja akagongwa na pikipiki alipokuwa akivuka barabara mbele ya madrasa. Sisi walimu tulikuwa wa kwanza kufika. Tukafanya yale ambayo watu wengi huyafanya: mmoja akamshika mikono, mwingine akamshika miguu, tukamnyanyua. Mwingine akamtia maji kinywani. Kisha tukamkunja ndani ya bajaji na kumkimbiza hospitali.

Tulipofika, muuguzi alituuliza maswali matatu. Je, mtoto alipoteza fahamu, na kwa muda gani? Je, ametapika njiani? Na ni nani aliyemnyanyua kwa mguu huu uliovunjika? Maswali mawili ya mwanzo hatukuwa na majibu yake. La tatu jibu tulikuwa nalo, lakini tuliona haya kulisema. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mfupa uliovunjika ulikuwa umezidi kusogea kwa kubebwa bila kufungwa banzi, na kwamba maji tuliyompa mtoto yangeweza kumwingia mapafuni.

Alhamdulillah, mtoto alipona baada ya miezi kadhaa na yuko darasani. Lakini siku ile tulirudi nyumbani vichwa chini. Huruma tulikuwa nayo, haraka tulikuwa nayo, elimu hatukuwa nayo. Ndipo tukaanza kusoma na kuuliza: kuna watu ambao kazi yao ni dakika zile za mwanzo, kabla mgonjwa hajafika kwa daktari. Watu hao ni akina nani? Kazi yao ilianzaje? Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea katika somo hili.

1. PARAMEDIKI NI NANI?

Mhudumu wa dharura aliyesomea kazi hiyo kwa kiwango cha juu huitwa paramediki. Neno hili lina sehemu mbili. "Para" asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kando ya. "Mediki" inahusu utabibu. Kwa hiyo paramediki ni mtu anayefanya kazi kando ya daktari, akiwa mkono wa daktari pale ambapo daktari mwenyewe hayupo.

Ni vizuri tusichanganye watu hawa wanne:

(a) Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kazi yake ni kuendesha. Yawezekana amefundishwa huduma, yawezekana hakufundishwa.
(b) Mtoa huduma ya kwanza, yaani mtu yeyote aliyejifunza mambo ya msingi kama kuzuia damu na kumlaza mgonjwa vizuri.
(c) Paramediki, ambaye amesoma namna mwili unavyofanya kazi, anaweza kumsaidia mgonjwa kupumua, kushtua moyo uliosimama, kutundika dripu na kutoa baadhi ya dawa akiwa barabarani au nyumbani kwa mgonjwa.
(d) Daktari, ambaye humpokea mgonjwa hospitalini na kuendelea na matibabu.

Katika hawa wanne, paramediki ndiye mdogo kwa umri. Madaktari wapo tangu zamani, lakini taaluma hii kwa sura yake ya leo imeanza katika miaka ya 1960. Hata hivyo, fikra yake ni ya zamani zaidi. Tuifuate tangu mwanzo.

2. MWANZO WAKE NI VITANI

Kwa karne nyingi, mtu akiumia alitakiwa apelekwe kwa tabibu. Tabibu hakutoka kumfuata. Waliotangulia kugeuza utaratibu huo walikuwa watu wa vitani, kwa sababu huko majeruhi ni wengi na muda ni mfupi.

Sisi Waislamu tuna mfano wa mapema. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), swahaba Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale mkononi. Vitabu vya sira vinaeleza kwamba alipelekwa katika hema la Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye alikuwa akiwatibu majeruhi, na hema lenyewe lilikuwa pale msikitini Madina. Aidha, imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Bibi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) katika vita, wakiwanywesha watu maji, wakiwahudumia, na kuwarudisha Madina majeruhi na waliouawa. Tazameni vizuri, wanafunzi wetu: kumfuata majeruhi alipo, kumhudumia, kisha kumsafirisha. Hayo matatu ndiyo kazi ya gari la wagonjwa mpaka leo.

Mwanzoni mwa karne ya 10, mjini Baghdad, waziri Ali bin Isa alimwandikia tabibu mkuu Sinan bin Thabit atume matabibu wakiwa na dawa zao waende magerezani na vijijini kusikokuwa na tabibu. Hapo tena fikra ni ile ile, kwamba asiyeweza kufika kwenye tiba, tiba imfikie.

Ulaya, mtu anayetajwa sana ni daktari wa upasuaji wa jeshi la Ufaransa, Dominique-Jean Larrey. Katika mwaka 1792 aliona jambo lililomuumiza. Kanuni ya jeshi ilitaka magari ya majeruhi yakae nyuma ya mapigano, umbali wa zaidi ya kilometa 4, mpaka vita vitulie. Majeruhi walilala uwanjani muda mrefu, na wengi walifariki wakati dawa ipo. Larrey akatengeneza magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yakaitwa "ambulensi zirukazo" kwa wepesi wake, yakawa yanaingia uwanjani mapigano yakiendelea. Pia aliweka kanuni kwamba anayetibiwa kwanza ni yule aliyeumia zaidi, bila kutazama cheo chake. Alipofika Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, ambako magari yale hayakufaa kwenye mchanga, alitumia ngamia waliobeba majeruhi wawili wawili, mmoja kila ubavu.

Mwaka 1859 Henri Dunant, mfanyabiashara kutoka Geneva, alipita Solferino nchini Italia siku ya vita vikubwa, akakuta maelfu ya majeruhi hawana wa kuwahudumia. Hakuwa daktari. Aliwakusanya wanawake na vijana wa mji wa jirani, wakaosha vidonda na kugawa maji kwa askari wa pande zote. Kutokana na juhudi zake likaanzishwa shirika la Msalaba Mwekundu mwaka 1863, na mwaka 1864 ukatiwa saini Mkataba wa Geneva wa kuwalinda majeruhi na wanaowahudumia. Dola ya Uthmaniya ilianza kutumia alama ya Hilali Nyekundu mwaka 1876.

3. KUTOKA VITANI KUINGIA MIJINI

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) viliwafundisha madaktari wa huko namna ya kupanga usafiri wa majeruhi. Vilipomalizika, hospitali za mijini zikaiga. Hospitali moja mjini Cincinnati ilikuwa na gari lake la wagonjwa mwaka 1865, na Hospitali ya Bellevue mjini New York ikafuata mwaka 1869 kwa magari ya farasi. Uingereza, chama cha St John Ambulance kilianzishwa mwaka 1877 kwa lengo la kuwafundisha watu wa kawaida, hasa wafanyakazi wa viwandani na migodini, huduma ya kwanza. Mwaka 1937 London ikawa na namba 999 ya kuita msaada, ya kwanza ya aina yake duniani.

Mtu angedhani kwamba kuanzia hapo mambo yaliendelea kuwa mazuri tu. Haikuwa hivyo. Magari yalikuwepo, kengele zilikuwepo, lakini aliyekaa ndani ya gari mara nyingi hakujua lolote la tiba. Hata Marekani, nchi yenye hospitali kubwa kubwa, hadi miaka ya 1960 karibu nusu ya huduma ya kubeba wagonjwa ilifanywa na watu wa maduka ya mazishi. Sababu yake ni nyepesi: gari la kubebea maiti lilikuwa ndilo gari ambalo mtu anaweza kulazwa akanyooka. Gari lile lile asubuhi lilichukua maiti, jioni likachukua mgonjwa.

Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyowashtua watu. Ripoti ilionesha kwamba mwaka 1965 peke yake ajali ziliua watu 107,000 nchini humo, kati yao 49,000 katika ajali za magari. Ikaeleza kwamba askari aliyejeruhiwa vibaya vitani alikuwa na nafasi kubwa ya kupona kuliko raia aliyejeruhiwa katika barabara ya mji wake, kwa sababu askari alifikiwa mapema na mtu aliyefundishwa.

4. ELIMU MPYA YA PUMZI NA MOYO

Wakati huo huo madaktari walikuwa wamegundua mambo mawili makubwa.

La kwanza ni pumzi. Katika miaka ya 1950, Dk. James Elam na Dk. Peter Safar walithibitisha kwamba pumzi ya mtu mzima ikipulizwa kinywani mwa asiyepumua inatosha kumweka hai, na kwamba jambo hilo linaweza kufanywa na mtu asiye daktari.

La pili ni moyo. Mwaka 1960 watafiti watatu wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kusukuma damu kwa kubana kifua kwa mikono miwili, bila kupasua.

Kwa nini mambo haya yalibadilisha kila kitu? Kwa sababu ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi. Hakuna gari linaloweza kumfikisha kila mgonjwa hospitali ndani ya dakika nne. Kwa hiyo tiba lazima ianze pale alipoanguka.

Mwaka 1966, mjini Belfast, Dk. Frank Pantridge aliweka mashine ya kushtua moyo ndani ya gari la wagonjwa. Mashine ile ya mwanzo ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 70 na ilitumia betri za gari. Ndani ya gari alikaa daktari pamoja na muuguzi. Watu wakastaajabu kuona waliozimia kwa moyo wakirudi nyumbani salama. Lakini swali likabaki: nchi gani ina madaktari wa kutosha kumweka mmoja katika kila gari?

5. VIJANA WA PITTSBURGH

Jibu la swali hilo limo katika kisa hiki, nacho ndicho kiini cha somo letu. Kilitokea mji wa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Katika mji huo kulikuwa na mtaa uitwao Hill District, waliokaa humo wengi wao ni Wamarekani weusi. Mtu akiugua ghafla, waliokuja kumchukua ni polisi, kwa gari lile lile la kukamatia wahalifu. Walimlaza nyuma, wao wakakaa mbele, wakaondoka. Huko nyuma mgonjwa alibaki peke yake. Mara nyingine hata polisi hawakufika. Kwa upande wa pili, vijana wengi wa mtaa huo hawakuwa na kazi, na mji ulikuwa umekwisha kuwahesabu kuwa watu wasiofaa kitu.

Dk. Peter Safar, tuliyemtaja hapo juu, alikuwa akifanya kazi Pittsburgh. Mwaka 1966 ulikuwa mwaka mzito kwake. Binti yake mwenye umri wa miaka 11 alifariki kwa maradhi ya pumu. Mwezi Novemba mwaka huo huo, David Lawrence, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, alianguka akiwa katika mkutano wa siasa, akachukuliwa na gari la polisi. Moyo wake ulirudi kupiga lakini ubongo ulikuwa umeshaharibika, akafariki kabla mwezi haujaisha. Safar akajua kwamba kama hali ni hiyo kwa gavana, basi mtu wa kawaida hana matumaini.

Mwaka 1967 Safar alishirikiana na Phil Hallen, aliyekuwa akisimamia mfuko mmoja wa misaada, pamoja na asasi ya Freedom House iliyokuwa ikiwatafutia kazi watu wa Hill District. Wakawachukua vijana wa mtaa ule ule. Baadhi yao hawakuwa wamemaliza shule, wengine walikuwa wametoka vitani Vietnam, na wengine walikuwa wamewahi kufungwa. Wakafundishwa kwa muda wa saa 300 hivi: viungo vya mwili, namna ya kupumulisha mtu, kubana kifua, kuzuia damu, kuhudumia wagonjwa wodini na kuendesha gari kwa uangalifu. Kwa wakati ule hakuna wahudumu wa gari la wagonjwa waliofundishwa kwa kiwango kile.

Mwaka 1968 magari yao yakaanza kazi. Katika mwaka wa kwanza waliitikia wito zaidi ya mara 5,000, na Safar alikadiria kwamba watu 200 hivi walinusurika ambao wangekufa kwa utaratibu wa zamani. Vijana ambao jana waliitwa wahuni, leo walikuwa wakiingia hospitali na kuwaeleza madaktari hali ya mgonjwa kwa lugha ya kitabibu. Ikafikia wakati wakazi wa mitaa ya matajiri wanauliza kwa nini watu wa mtaa wa maskini wana huduma bora kuliko yao.

Mwaka 1974 akaja daktari kijana, Bibi Nancy Caroline, kuwa msimamizi wao wa tiba. Alipanda gari pamoja nao, akawafundisha mambo ya juu zaidi, na kwa uzoefu huo akaandika mtaala wa mafunzo ya maparamediki kwa nchi nzima ya Marekani. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1979 kimesomwa na vizazi vya wahudumu wa dharura. Katika miaka ya 1980 daktari huyu alifanya kazi Nairobi na shirika la AMREF, kwa hiyo elimu iliyopikwa katika mtaa ule iliwahi kufika hadi Afrika Mashariki.

Lakini wanafunzi wetu, historia haina mwisho mtamu siku zote. Mwaka 1975 mji wa Pittsburgh ulianzisha huduma yake wenyewe na Freedom House ikafungwa. Vijana wale waliingizwa katika huduma mpya, lakini wakakuta wamewekwa chini ya watu wenye ujuzi mdogo kuliko wao, wakapewa mitihani upya, na wengi wakaondoka. Kwa miaka mingi jina lao halikutajwa. Wachache waliovumilia walipanda. John Moon alifikia kuwa mmoja wa wakuu wa huduma ya dharura ya mji huo, na Mitchell Brown alikuja kuwa mkurugenzi wa usalama wa umma katika mji wa Columbus.

6. KUENEA KWA TAALUMA

Pittsburgh haikuwa peke yake. Mjini Miami, Dk. Eugene Nagel aliwafundisha askari wa zimamoto, na kuanzia mwaka 1967 alitumia redio kupeleka mapigo ya moyo wa mgonjwa kutoka barabarani mpaka kwa daktari hospitalini. Mjini Seattle, Dk. Leonard Cobb na kikosi cha zimamoto walianza huduma yao mwaka 1970. Mwaka huo huo jimbo la California lilitunga sheria ya kuwaruhusu maparamediki kutoa tiba. Nchini Uingereza, Dk. Douglas Chamberlain alianza kuwafundisha wahudumu wa magari mjini Brighton mwaka 1971. Na mwaka 1975 Chama cha Madaktari cha Marekani kikaitambua rasmi kazi ya paramediki kuwa taaluma ya afya.

Leo hii katika nchi nyingi kazi hii husomewa chuoni kwa miaka kadhaa, wengine hadi shahada. Nchini Uingereza jina lenyewe linalindwa na sheria, hawezi mtu kujiita paramediki bila kusajiliwa.

7. HALI YETU AFRIKA MASHARIKI

Kwetu taaluma hii bado ni changa, lakini haikuanza jana. AMREF ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, ikapeleka madaktari kwa ndege katika maeneo ya mbali ya Kenya, Tanganyika na Uganda. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo.

Upo pia mfumo wa m-mama, ambao Serikali ilizindua upanuzi wake nchini mwaka 2022. Mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa simu bure namba 115. Pasipokuwa na gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, akampeleka mgonjwa na kulipwa. Hapa tena tunaona jambo lile lile la Pittsburgh: mtu wa mtaani akipangwa na kuelekezwa, anakuwa sababu ya uhai.

8. MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kutokana na historia hii tunapata mazingatio yafuatayo:

Kwanza, huruma bila elimu haitoshi. Polisi wa Pittsburgh hawakuwa wote na roho mbaya. Hawakufundishwa. Na sisi walimu wenu tulimpenda mtoto yule, lakini tulimwongezea maumivu.

Pili, elimu hii haikuwekewa watu maalumu. Rufaida alikuwa na hema tu. Dunant alikuwa mfanyabiashara. Vijana wa Hill District hawakuwa na vyeti. Kilichowatofautisha na wengine ni kwamba walikubali kukaa chini wakasoma.

Tatu, aliyeumia zaidi ndiye wa kwanza. Larrey hakutazama cheo, na Dunant hakutazama bendera.

Nne, kutenda mema si lazima kuambatane na kusifiwa. Vijana wa Freedom House walisahauliwa miaka mingi, lakini waliopona walikuwa wamepona.

Tano, jambo hili ni wajibu wa jamii. Imamu Ghazali katika Ihyaa Ulumiddin ameitaja elimu ya tiba kuwa ni katika fardhi kifaya. Mnajua hukumu yake: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, wasipoitekeleza hata mmoja, wote wanaulizwa. Basi tujiulize, mtaa wetu wenye msikiti, madrasa na mamia ya nyumba, ni wangapi wanaojua kubana kifua cha mtu aliyezimia? Siku ile mbele ya madrasa hakuwepo hata mmoja. Na katika Suratul Maida, aya ya 32, Allah (S.W.) ametueleza ukubwa wa kuihuisha nafsi moja. Nendeni mkaisome pamoja na tafsiri yake.

9. TUFANYE NINI TUKIKUTA AJALI?

Haya ni machache ya kukumbuka, wala hayachukui nafasi ya mafunzo ya vitendo:

1. Tazama usalama kwanza. Usikimbilie katikati ya barabara ukawa majeruhi wa pili. Mtu mmoja azuie magari.
2. Mwite majeruhi, umguse bega. Tazama kama anajibu na kama anapumua.
3. Mtume mtu mmoja kwa jina lake apige simu. Nchini Tanzania, polisi ni 112 na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukisema tu "pigeni simu", kila mmoja humtegemea mwenzake.
4. Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia.
5. Usimnyanyue wala kumkalisha isipokuwa kama kuna hatari kama moto. Shingo na mgongo vibaki vimetulia.
6. Usimpe maji wala chakula.
7. Asiyejibu na asiyepumua sawasawa, abanwe kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukata tamaa, mpaka msaada ufike.
8. Shika saa. Kumbuka alianguka lini, alizimia muda gani, alitapika au la. Muuguzi atakuuliza.

HITIMISHO

Wazazi wetu, tunapendekeza kwenu kwamba madrasa imwalike mkufunzi wa huduma ya kwanza kutoka Msalaba Mwekundu aje atufundishe kwa vitendo, walimu pamoja na wanafunzi wakubwa, na tuwe na sanduku la dawa, mabanzi, bendeji na machela. Sisi walimu tutakaa mstari wa mbele katika darasa hilo, kwa sababu sisi ndio tuliofeli mtihani wa kwanza.

Na nyinyi wanafunzi, kila tukiwauliza mnataka kuwa nani, mnajibu daktari, rubani, mwanasheria. Hatujawahi kumsikia mmoja akisema anataka kuwa yule anayefika wa kwanza. Tunatarajia mwaka ujao tutamsikia, Inshaallah.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu na awalinde watoto wetu njiani. Aamin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya mtoa huduma ya kwanza na paramediki.
2. Bibi Rubayyi (R.A.) ametaja kazi zipi walizofanya wanawake vitani? Linganisha na kazi ya gari la wagonjwa.
3. Kwa nini tiba ya moyo uliosimama haiwezi kusubiri hospitali?
4. Vijana wa Freedom House walikuwa watu wa aina gani, na nini kiliwabadilisha?
5. Taja makosa matatu waliyoyafanya walimu katika ajali iliyosimuliwa mwanzoni mwa somo, na useme wewe ungefanya nini.

Wabillahi tawfiq.